Nyonga ya Mjomba Imehesabiwa Mafanikio

Dokta aligeuza skrini ili na sisi tuone. Nyonga ya kulia ya mjomba iling'aa nyeupe pe: mpira mkubwa wa chuma ndani ya kikombe cha chuma, na chini yake shina refu lililozama ndani ya mfupa wa paja. Kwa jicho langu la mtu wa mahesabu, mfupa wenyewe ulikuwa mzima kabisa.

"Mzee, hii uliwekewa wapi?"

"Uingereza."

"Mwaka gani?"

"2007. Bado nilikuwa naendesha basi kule."

Dokta akaandika. Halafu, bila kuinua kichwa: "Na waliokuwekea wanajua kwamba sasa uko Moshi?"

Mjomba alicheka kile kicheko chake cha Kibosho, cha kutoka tumboni. "Watajuaje, dokta? Nilipanda ndege nikarudi kwetu. Sikupita kuwaaga."

Tulicheka sote, hata nesi. Ila swali lile lilinifuata mpaka ofisini, likakaa nami wiki kadhaa, na mwisho ndilo lililonifanya nifungue kompyuta usiku huu.

Ngiri isiyo ngiri

Wenye wazee nyumbani mnajua mambo haya yanavyoanza. Mjomba mwenyewe hakulalamika. Aliyelalamika ni mkewe, Mama Aika, kwamba mzee akiinuka kitini nyonga inakwaruza, na yeye aliye jikoni anaisikia.

Kisha ukaja uvimbe kwenye kinena.

Zahanati wakasema ngiri. Mzee wa miaka sabini na kitu, anayeshinda kihambani akikata majani ya ng'ombe na kubeba mikungu ya ndizi, nani angebisha? Hata pale Mbuyuni alishauziwa dawa ya ngiri ya kuchemsha, chungu hasa, na akasema inasaidia.

Aliyetuokoa ni daktari kijana aliyepangiwa kumfanyia hiyo operesheni ya ngiri. Aliweka vidole juu ya uvimbe, akamwambia mjomba akohoe. Akakohoa. Akaambiwa akohoe tena, kwa nguvu. Ngiri ukikohoa husukuma mkono wa daktari. Hiki hakikusukuma. Kilikuwa kimetulia palepale, kigumu kiasi, kirefu kuelekea chini. Akaagiza ultrasaundi badala ya kisu, na ultrasaundi ikaonyesha mfuko wa majimaji ambao shina lake linatoka kwenye nyonga.

Eksirei haikuwa na la kusema kuhusu mfuko huo. Eksirei huonyesha chuma na mfupa. Nyama iliyooza katikati yake haionekani, na ndiyo maana mimi niliona mfupa mzima nikadhani mambo ni mazuri.

Halafu kuna masikio. Kwa muda mrefu mjomba alikuwa akilalamika masikio yanamlia, na sisi tukawa tunapandisha sauti tukisema uzee. Dokta wa mifupa alipouliza, "Mzee, unasikia vizuri?", nilidhani anapiga soga tu.

Walikimbia plastiki

Historia ya nyonga bandia ni ndefu. Nachukua kipande kimoja tu.

Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari John Charnley alianza kutumia mpira mdogo wa chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu ya polithilini, vyote vikishikiliwa na saruji ya mifupa. Kabla ya hapo alijaribu Teflon, ikasagika vibaya ndani ya miaka michache na kuchafua viungo vya wagonjwa. Charnley alijipandikiza vipande vya plastiki kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyovipokea. Namheshimu kwa hilo, ingawa sitaki daktari wangu aige.

Polithilini ilifanya kazi, na inafanya mpaka leo. Lakini nayo husagika. Unga wake mwili unauona adui, chembechembe za kinga zinaumeza, na katika vita hiyo mfupa wa jirani unaliwa hadi kikombe kinalegea. Kwa bibi wa miaka themanini hilo si tatizo, hatafika huko. Kwa dereva wa basi mwenye miaka hamsini na kitu, anayekanyaga breki kutwa, ni tatizo hasa.

Ndipo wazo la chuma kwa chuma, lililokuwa limewekwa kando, likafufuliwa miaka ya 1990. Mchanganyiko wa kobalti, kromiamu na molibdenamu, mgumu, unaong'aa. Mpira ungeweza kuwa mkubwa karibu sawa na wa Mungu, na mpira mkubwa hauchomoki kirahisi. Kwa watu wa umri wa mjomba wakati ule, ilionekana ndiyo dawa.

Nalisema hili kwa sababu binamu zangu wameshaanza maneno ya "Wazungu walimfanyia majaribio". Hapana. Aliyemwekea alidhani anampa kilicho bora zaidi.

Chuma hakikuacha kusagika, kilibadilisha tu aina ya unga. Chembe za chuma ni ndogo mno kuliko za plastiki na ni nyingi mno, na zinayeyuka kuwa kobalti na kromiamu ndani ya damu. Kikombe kikikaa wima kuliko inavyotakiwa, mpira unasugua ukingoni, utando wa majimaji unaolainisha unakatika, na unga unaongezeka. Wanawake wenye nyonga ndogo waliumia zaidi. Hata pale mpira unapochomekwa juu ya shina, chuma huliwa na kutu ya aina yake.

Mwezi wa Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR duniani kote, zikiwa tayari ndani ya miili ya watu wapatao 93,000. Daftari la taifa la viungo bandia la Uingereza na Wales lilikuwa limeonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanane alirudi kupasuliwa ndani ya miaka mitano. Australia, ambao wana daftari lao, walishaziona dalili mapema, na kule ziliondolewa mwaka 2009. Marekani, ile yenye shina, ASR XL, iliruhusiwa kuuzwa kwa hoja kwamba inafanana na vifaa vilivyokwisha kubaliwa, bila majaribio yake kwa wagonjwa. Hapo ndipo mimi nakasirika.

Ya mjomba haikuwa hiyo. Ilikuwa ya kampuni nyingine, ambayo haikupata vichwa vya habari vya namna hiyo, nami siitaji.

Na niseme hapahapa: aliyewekewa mpira wa chuma au wa kauri ndani ya kikombe cha plastiki asikose usingizi kwa ajili ya makala hii. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia karibu 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Sioni operesheni nyingi zinazomrudishia mzee maisha kiasi hicho.

Kobalti

Kipimo cha damu kilikuwa kazi. Mrija wa kawaida haufai, maana wenyewe unaweza kuwa na chembe za metali zikaharibu majibu. Unahitaji mrija maalumu, na damu inasafirishwa nje.

Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Uingereza iliweka alama ya mikrogramu 7 kwa lita moja ya damu: ukiizidi, uchunguzwe zaidi. Mtu asiye na chuma mwilini huwa chini ya 1. Mjomba alikuwa amevuka zaidi ya mara mbili ya hiyo 7.

Kobalti ikizidi sana inagusa moyo, tezi ya shingo, mishipa ya fahamu, macho na masikio. Katikati ya miaka ya 1960, kule Quebec, Kanada, walevi wa bia walianza kufa kwa ugonjwa wa moyo, na chanzo kikaonekana ni kobalti iliyowekwa kwenye bia ili povu likae. (Mbege haihitaji msaada huo, asante Mungu.) Na mwaka 2010 daktari wa mifupa wa Alaska, Stephen Tower, aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliodhurika na kobalti ya nyonga za chuma. Mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe.

Je, masikio ya mjomba ni kobalti au ni miaka mingi ya injini ya basi? Dokta alikataa kutoa jibu, na nilimpenda kwa kukataa.

Barua

Wakati tukichimba, Aika alikumbuka kitu. Mwaka 2012 rafiki wa baba yake wa kanisani kule Uingereza aliwahi kutuma picha ya barua iliyofika kwenye nyumba aliyokuwa amekwisha kuihama. Waliomwekea nyonga walikuwa wanamwita: wenye chuma kwa chuma wote waje kila mwaka, wapimwe damu, wapigwe picha.

Mjomba aliiona. Anakumbuka vizuri.

"Sikuwa na maumivu, mpwa wangu. Nipande ndege nikapimwe damu? Wakati mbuzi nachinja mwenyewe?"

Ningekuwa yeye ningejibu hivyohivyo. Kwetu anayetembea amepona, na kurudi hospitali ukiwa mzima ni kumtafuta mchawi. Tena barua yenyewe haikusema nini kifanywe na mtu aliye Kibosho. Iliandikwa kwa mtu wa mtaa fulani wenye namba ya posta, mwenye zahanati yake kona ya pili.

Kupasua au kuacha

Hapa ndipo ukoo uligawanyika.

Aika, kutoka Dar, alitaka baba apasuliwe kesho yake. Mjomba alitaka kufa na chuma chake. Mimi nilikuwa nageukageuka kila dokta alipofungua mdomo, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli pande zote mbili.

Ukiacha, majimaji yale yanaendelea kula misuli ya pembeni ya nyonga, ile inayokushikilia usiyumbe ukisimama mguu mmoja. Ikiisha imeisha, haioti tena, na hata nyonga mpya nzuri kiasi gani itakosa cha kuishikilia. Ukipasua, operesheni ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, damu inapotea zaidi, maambukizi yanaingia kirahisi zaidi, mfupa unaweza kupasuka wakati wa kung'oa, na kuchomoka kwa nyonga baadaye ni jambo la kutarajia.

"Nikikwambia hakuna hatari nitakuwa muongo, mzee," dokta alisema. "Lakini ukinijia baada ya miaka mitatu, nitakuwa na vichache vya kukuokolea."

Hakujibu. Tulirudi nyumbani.

Kilichoamua hakikuwa kobalti wala maneno ya dokta. Tulikuwa tunakwenda msibani Umbwe, Noah imesimama, na mjomba akashindwa kuinua mguu wa kulia kuingia. Aliushika kwa mikono miwili, kama anayepakia mzigo, akauingiza. Abiria wote waliona. Njiani hakuzungumza na mtu, na tulipofika akaniambia nimpigie dokta.

Karatasi iliyookoa mfupa

Nilidhani baada ya kukubali mambo yatakuwa mepesi. Dokta akaomba karatasi za operesheni ya kwanza.

Shina la mjomba lilikuwa limeshika vizuri ndani ya paja. Lingeweza kubaki, akabadilishiwa mpira na kikombe tu. Lakini ile ncha ya shina, pale mpira unapochomekwa, kila kampuni ina vipimo vyake. Mpira usiolingana hauruhusiwi kukaa hapo. Usipojua shina ni la nani na la saizi gani, huenda ukalazimika kuling'oa lote, na shina lililoshikana na mfupa hung'olewa kwa kuupasua mfupa wa paja kwa urefu wake, kama dirisha, kisha kuufunga kwa waya.

Kwa hiyo kati ya mjomba na kupasuliwa paja palisimama karatasi. Kila kipande cha nyonga bandia hutoka kwenye boksi lake na stika ndogo: namba ya bidhaa, namba ya toleo, saizi. Nesi wa chumba cha upasuaji huzibandika kwenye faili. Faili la mjomba lilikuwa Uingereza.

Barua pepe za Aika zilikwenda, fomu zikarudi, mjomba akatia saini ambayo haikufanana na ya 2007, zikarudi tena. Ilichukua miezi. Siku picha ya ukurasa ule ilipofika kwenye simu, stika zimepauka lakini namba zinasomeka, dokta aliikuza kwa vidole viwili, akaangalia, akasema, "Sasa naweza kuagiza."

Ndani

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akaongezewa kaputi, kwa sababu kazi ingekuwa ndefu. Vijana wa ukoo walishachangia damu.

Dokta alitueleza baadaye kwa utulivu wa fundi. Mfuko ulipofunguliwa yalitoka majimaji ya kijivu mazito. Nyama kuzunguka nyonga ilikuwa imepakwa weusi wa unga wa chuma. Aliikwangua yote iliyokufa. Kikombe alikitoa kwa patasi zilizopinda, polepole, akizunguka ukingo, maana mfupa nyuma yake ulikuwa mwembamba na haraka ingeutoboa. Shimo alilijaza mfupa uliosagwa, akaweka kikombe kipya chenye plastiki ya kisasa, akakikaza kwa skrubu. Juu ya shina la zamani akachomeka mpira wa kauri wenye shati la titaniamu ndani yake, ili usikae moja kwa moja juu ya ncha iliyokwisha kuliwa kidogo.

Msuli wa pembeni, alisema, ulibaki kama nusu.

Mjomba alipozinduka vizuri aliomba chuma chake. Alikabidhiwa kwenye kopo la plastiki, kimeoshwa. Mpira unang'aa hadi unajiona sura, isipokuwa sehemu moja yenye upana wa kidole iliyofifia. Nilipitisha ukucha pale, haukukwama popote. Hiyo ndiyo iliyomaliza nusu ya msuli. Mama Aika amekataa kopo lisiingie jikoni.

Kigoda

Kuhusu kupona sina mengi. Magongo, mto katikati ya miguu usiku, marufuku kuinama kuvaa soksi. Kilicholeta ugomvi ni kigoda. Mjomba huzungumza na wageni wake akiwa kwenye kigoda chini ya mparachichi, magoti juu, kata ya mbege mkononi, na mkao huo hasa ndio unaochomoa nyonga yenye msuli nusu. Choo cha kuchuchumaa nacho marufuku. Fundi wa Kiboriloni alituchongea kiti cha mbao chenye tundu na mikono, na sasa majirani wawili wameshakuja kukipima.

Mara moja nyonga ilichomoka. Alikuwa anaokota ndizi. Tukamrudisha hospitali, ikarudishwa kwa kuvutwa akiwa amelala, bila kisu. Tangu siku hiyo kigoda kiko kwa mjukuu.

Kobalti inashuka. Masikio bado yanalia.

Daftari

Turudi kwenye lile swali la dokta.

Nyonga mbaya zilijulikana kwa sababu ya madaftari. Sweden walianza kuandika kila nyonga tangu 1979, wengine wakafuata. Hesabu yake ni rahisi na ya kijanja: nyonga imewekwa lini, na imerudiwa lini. Isiporudiwa na mtu yuko hai, nyonga inahesabiwa inadumu.

Mimi ni mtu wa mahesabu, nikajiuliza: aliyehama nchi anaandikwa wapi? Kufa anaweza kuonekana. Kurudiwa operesheni ndani ya nchi anaonekana. Lakini aliyerudiwa Moshi, kwa daktari asiyeandika kwenye daftari la Uingereza?

Kwenye hesabu ile mjomba hajarudiwa. Ni nyonga ya 2007 inayodumu. Ile chuma iliyo kwenye kopo, kwa karatasi, ni mafanikio.

Ni mmoja tu, nitaambiwa, ni punje. Lakini madereva, manesi na walezi wa wazee waliokwenda kufanya kazi huko wakarudi Kilimanjaro, Kingston, Lahore kula pensheni yao ni wangapi? Hao ndio waliwekewa wakiwa bado wanafanya kazi, yaani umri uleule uliolengwa na chuma kwa chuma.

Wala sisi wa huku tusijifanye. Bibi zetu wengi walioteleza bafuni wakavunja shingo ya paja wamewekewa nusu nyonga ya aina ya Austin Moore au Thompson, yaani mpira wa chuma usio na kikombe, unaosugua moja kwa moja gegedu la mwenyewe. Baada ya miaka, wengine mpira unachimba kuelekea ndani ya fupanyonga. Nimewauliza majirani wawili wenye mama kama hao kama wana karatasi ya operesheni. Mmoja alinionyesha daftari la kliniki, lile la shule tunalonunua dirishani, limeandikwa "hip op" na tarehe. Mwingine alisema lilipotea walipohama Njoro.

Stika mpya za mjomba ziko mahali patatu: kwenye faili la hospitali, kwenye daftari lake lililofungwa kwa nailoni, na kwenye simu yangu.

Na wiki iliyopita Aika aliandika kule kulikowekwa nyonga ya kwanza, kuwaarifu kwamba imetolewa, na kwa nini. Walijibu kwa adabu, mistari miwili, wakitaka tarehe, vipande vilivyotolewa, na anwani ya sasa ya mgonjwa ili kumbukumbu zirekebishwe. Nilimsomea mjomba. Akaomba miwani, akasoma mwenyewe, akaniambia niandike hivi:

"Waambie mimi nipo Kibosho, sanduku la posta ni la parokia. Nyonga yao ndiyo iliyotoka."

Nimeituma hivyohivyo, pamoja na picha ya kopo.